Red Queen to Gryphon Three: albamu iliyopitwa, ikisikilizwa upya baada ya nusu karne

Mwishoni mwa 1974 kundi la Kiingereza la Gryphon lilitoa albamu yake ya tatu, Red Queen to Gryphon Three, kupitia kampuni ya Transatlantic ya London. Ina vipande vinne, viwili kila upande wa santuri, dakika 38 na ushei kwa jumla, na hakuna anayeimba hata neno moja. Tangu hapo imekuwa ikitajwa kwa sentensi ileile: roki iliyochanganywa na ala za enzi za kati. Sentensi hiyo imeiponza. Aliyeisoma hudhani ameshajua kilichomo, akaiweka fungu moja na vioja vingine vya miaka ya 1970, akarudi kwa makundi yake ya Yes na Genesis.

Ukiirudia leo, kinachodhihirika ni kwamba zile ala za kale hazikuwekwa kama pambo. Ndizo zilizowalazimisha watu hawa kutunga walivyotunga. Ala isiyoweza kupaza sauti ina masharti yake: haiwezi kushindana na gitaa la umeme, haiwezi kubeba mahadhi marefu peke yake, na inahitaji wenzake wanyamaze ndipo isikike. Albamu nzima imejengwa juu ya masharti hayo. Ndiyo maana haijachuja, wakati rekodi nyingi za mwaka huohuo zenye milima ya kinanda na gitaa zimekuwa nzito kusikiliza mfululizo.

Waliopiga ni watano. Richard Harvey kwenye vinanda, rikoda (filimbi ya mbao) na krumhoni (bomba la kale la kupuliza); Brian Gulland kwenye basuni (ala ya mbao ya kupuliza yenye sauti nzito) na krumhoni; Graeme Taylor kwenye magitaa; Philip Nestor kwenye besi; David Oberlé kwenye ngoma na ala nyingine za kugonga. Harvey na Gulland walisoma Royal College of Music jijini London, na elimu hiyo inasikika kila mahali, hasa katika namna sauti mbili au tatu zinavyopishana bila kukanyagana. Wageni walioalikwa ni wawili: Ernest Hart kwenye ogani na Peter Redding kwenye besi isiyo ya umeme. Harvey alikuwa na miaka 21 tu. Umri huo ukumbukwe pale utakapofika kwenye kipande cha tatu, maana kina utulivu ambao watunzi wengi hawaufikii hata ukubwani.

Albamu ya kwanza ya kundi, ya 1973, ilikuwa ya nyimbo na ngoma za zamani zilizopigwa kwa ala za zamani, kwa uchangamfu mwingi. Ya pili, Midnight Mushrumps, ilitoka mapema 1974, na upande wake mzima wa kwanza ni kipande kimoja kirefu kilichotokana na muziki waliouandika kwa ajili ya onyesho la The Tempest, tamthilia ya Shakespeare, la National Theatre lililoongozwa na Peter Hall. Hapo ndipo walipojifunza kutunga kwa marefu. Red Queen ni hatua iliyofuata: hakuna tena wimbo wa kurithi hata mmoja, sintesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme) na ogani zimeingia kikamilifu, na kila dakika imeandikwa kwa makusudi.

Tuanze na krumhoni, kwa sababu asiyeielewa hawezi kuielewa albamu. Ni bomba la mbao lililopinda chini kama herufi J. Tundu lake la ndani lina upana uleule toka juu hadi karibu na mwisho. Msomaji anayeifahamu nzumari anaweza kuanzia hapo: ulimi wa krumhoni nao ni wa matete mawili yaliyobanwa pamoja. Tofauti ni kwamba ulimi wa nzumari huingia kinywani, na wa krumhoni umefungiwa ndani ya kifuniko cha mbao. Mpigaji anapuliza kwenye kitundu cha kifuniko, na midomo yake haigusi ulimi kabisa. Matokeo ni matatu, na yote yanasikika katika rekodi hii. Kwanza, sauti ni ya kiwango kimoja tu. Ukipuliza kwa nguvu zaidi noti inapanda na kutoka kwenye ufunguo, ukilegeza inashuka, ukizidi kulegeza inakatika. Hakuna kuvimbisha noti wala kuififisha. Pili, upeo wake ni noti tisa hivi, oktava moja na noti moja juu yake, kwa hiyo mahadhi yoyote mapana yataishiwa na vidole kabla hayajaisha. Tatu, joto la chumba na unyevu wa ulimi huiyumbisha noti, ilhali piano na ogani zilizo kando yake hazisogei hata chembe.

Rikoda, filimbi ya mbao inayopulizwa kwa kuishika wima, ina upeo mpana kuliko krumhoni, zaidi ya oktava mbili, na huja kwa ukubwa mbalimbali. Lakini nayo ina udhaifu unaofanana: ukitaka kuipaza kwa pumzi, noti inapanda. Kati ya ala tatu za kupuliza za kundi hili, ni basuni pekee inayoweza kuanza kwa mnong’ono, ikavimba, kisha ikafifia juu ya noti moja. Bomba lake ni la mita mbili na nusu hivi lililokunjwa, upeo wake unazidi oktava tatu, na midomo ya mpigaji iko juu ya ulimi wenyewe.

Sasa sikiliza mahadhi yanavyogawanywa. Krumhoni hupewa misemo mifupi, yenye noti zilizokatwa, ndani ya noti zake tisa. Mahadhi yanapotaka kupanda, rikoda inayapokea. Yanapotaka kushuka au kulia, basuni inayachukua. Sintesaiza ya Harvey inaingia pale panapohitajika noti ndefu isiyochoka. Huku kupokezana ndiko kunakoipa albamu mwendo wake, na mtu anaweza kuisikia mara nyingi akidhani ni urembo wa mpangilio tu, kumbe ni ulazima wa ala zenyewe uliogeuzwa kuwa ufundi.

Kipande cha kwanza, Opening Move, kinakaribia dakika 10. Majina ya vipande na ya albamu yametoka kwenye sataranji, na huu ndio usogezaji wa kwanza. Kinafunguliwa na vinanda kwa madaha ya kifalme, kisha mahadhi yanatawanyika katika ala nyingine, linakuja pumziko la piano, na mwishoni mambo yanarudi yalikoanzia. Ndicho kipande chenye sura ya kawaida zaidi ya roki ya progresivu (roki ya vipande virefu vilivyotungwa kwa ufundi) ya wakati ule, na huenda ndiyo maana kiliwekwa mbele. Kwa maoni yetu ndicho dhaifu kuliko vyote vinne. Sehemu zake ni nzuri kila moja peke yake, ila viungo vinaonekana: sehemu ya piano haikuandaliwa na kilichotangulia, kana kwamba imeletwa kutoka utunzi mwingine. Wengi huishia hapa, wakaihukumu albamu nzima kwa mlango wake.

Second Spasm, dakika 8 na kidogo, ni kifupi kuliko vingine na kimeshikamana zaidi. Kinaanza na gitaa lisilo la umeme na rikoda, mwendo wa kucheza, mwepesi, wa kijijini Uingereza. Kisha gitaa la umeme na ngoma vinaongeza uzito bila kubadili tabia ya mahadhi, na katikati kunakuja gwaride: krumhoni na basuni zikitembea pamoja kwa noti fupi juu ya ngoma. Wengi hulicheka gwaride hili, na si vibaya, maana limejaa utundu. Lakini lina somo la ufundi. Noti fupi ndizo salama ya krumhoni. Noti ikikaa muda mrefu, sikio linapata nafasi ya kugundua kwamba imeyumba ikilinganishwa na ogani. Ikiwa fupi, kuyumba hakuwahi kuonekana, na kinachobaki ni ule mvumo wake mkali. Aliyeandika gwaride hilo alijua vizuri kabisa ala gani iko mkononi. Ukitaka kumjaribu rafiki asiyependa roki ya progresivu, mpe kipande hiki, usimpe cha kwanza.

Ugeuze upande wa pili ukutane na Lament, karibu dakika 11, ambacho peke yake kinatosha kuitoa albamu hii kwenye usahaulifu. Gitaa linadonolewa polepole, rikoda inaingia na mahadhi ya huzuni yasiyo na haraka yoyote. Hakuna ngoma ya kuyasukuma. Mahadhi yanapita, yanarudi, kila mara chini yake kukiwa kumeongezwa kitu: besi, ogani, sauti ya pili inayojibu. Baadaye basuni ya Gulland inatoka mbele, na hapo ndipo maelezo ya ufundi yaliyotangulia yanapolipa. Kwa dakika zote zilizopita sikio limezoea ala zisizoweza kuvimba wala kufifia. Ghafla kuna ala inayoweza, na kila noti yake inapumua. Huzuni ambayo rikoda iliitaja tu, basuni inailia. Katikati mwendo unaharakishwa, ala zinarundikana hadi kwenye kilele, kisha mahadhi ya mwanzo yanarudi yakiwa yale yale, ila msikilizaji si yule.

Lament inafaa isikilizwe zaidi ya mara moja kwa kubadilisha kinachofuatwa. Mara ya kwanza fuata rikoda na basuni, kama kila mtu afanyavyo. Mara ya pili yapuuze mahadhi, ushike gitaa la Taylor tu toka mwanzo: utasikia kwamba halirudii mdonoo uleule kila mzunguko, na kwamba mara nyingi ndilo linalotangulia kubadilisha kordi, wengine wakalifuata. Mara ya tatu shika besi. Nestor anapiga noti chache mno, na palipo kimya chake ndipo rikoda inapopata nafasi. Hapo utaona kwamba kinachoitwa utulivu ni kazi ya watu watano wanaojizuia.

Checkmate, karibu dakika 10, kinafunga kwa kasi. Vinanda vinakimbia, mizani inageuka-geuka, krumhoni inaingia kwa ukali zaidi kuliko popote, na kuna sehemu ya ngoma ya kijeshi inayoirudisha akili kwenye gwaride la upande wa kwanza. Ni kipande cha kuonyesha vidole, na vidole vipo. Pale ambapo Opening Move kinashonwa, hiki kinamiminika: sehemu moja inazaa nyingine, misemo iliyosikika kwa ala moja inarudi kwa ala tofauti ikiwa imefupishwa au imeharakishwa. Kasoro yake ni moja. Kwa kuwa kila kitu kinaenda mbio, zile pumzi zinazozipa ala dhaifu nafasi zimepungua, na kwenye vilele sintesaiza inameza ala zote za mbao.

Hilo linatuleta kwenye udhaifu wa albamu kwa jumla, nao ni ngoma. Katika albamu zilizotangulia Oberlé alikuwa mwimbaji pamoja na kuwa mpigaji wa ala za kugonga. Hapa uimbaji umeondolewa, amebaki na kugonga tu, na yeye ni mpigaji wa kupamba zaidi kuliko wa kusukuma. Katika Lament na nusu ya kwanza ya Second Spasm hilo ni baraka. Katika Checkmate unatamani mtu wa kuwasukuma wenzake ukutani. Tena ngoma zimerekodiwa kavu na nyembamba, hazina kifua. Sababu inaeleweka: seti ya ngoma ikipewa nafasi kubwa katika mchanganyiko, kitu cha kwanza kuzama ni rikoda, na cha pili krumhoni. Walichagua kuzilinda ala za mbao. Uchaguzi ulikuwa sahihi kwa robo tatu ya albamu, na hiyo robo iliyobaki ndiyo gharama yake. Msikilizaji aliyelelewa na Bill Bruford au Alan White, wapiga ngoma wa Yes, ajue hilo mapema asije akalisubiri lisilokuja.

Kwa nini ilipitwa? Kwa sehemu ni tarehe. Miezi ya mwisho ya 1974 ilileta Red ya King Crimson, The Lamb Lies Down on Broadway ya Genesis na Relayer ya Yes, na hakuna gazeti la muziki lililokuwa na kurasa za kutosha. Kwa sehemu ni kampuni. Transatlantic, iliyoanzishwa na Nat Joseph, ilijulikana kwa muziki wa kiasili, kwa hiyo maduka yaliiweka Gryphon kwenye rafu ambayo wapenzi wa roki hawakuifikia. Marekani albamu ilitoka kupitia Bell Records, nyumba ya nyimbo za vijana kama za David Cassidy, wakati ambao Bell yenyewe ilikuwa inageuzwa kuwa Arista. Nafasi nzuri ilikuwepo: Gryphon waliwafungulia Yes jukwaa katika ziara ya Marekani, mbele ya kumbi zilizojaa. Lakini rikoda na krumhoni katika uwanja wa ndani wa maelfu ya watu zinategemea maikrofoni kwa kila kitu, na watu waliokuja kumsikia Steve Howe, mpiga gitaa wa Yes, hawakuwa na jina la wimbo wala kiitikio cha kwenda nacho nyumbani. Mwaka uliofuata Camel walitoa The Snow Goose, nayo haina maneno, ila ina hadithi ya kuifuata. Hiyo ilishika nafasi ya albamu ya progresivu isiyoimbwa katika kumbukumbu za watu, na sataranji ya Gryphon ikabaki nyuma.

Haikusaidia pia kwamba fumbo la sataranji halielezwi popote ndani ya muziki. Kundi lilichukua jina lake kwa mnyama katika hadithi ya Alice ya mwandishi Lewis Carroll, Malkia Mwekundu (Red Queen) naye ni kete katika kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo, na jina la albamu limeundwa kama usogezaji ulivyoandikwa kwa mtindo wa Kiingereza wa zamani, kabla shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, halijaamua mwaka 1981 kutambua mtindo wa herufi na namba pekee. Zaidi ya hapo usitafute. Hakuna kipande kinachofuata mchezo halisi hatua kwa hatua, na anayesikiliza akijaribu kuhesabu kete anapoteza muda wake.

Kuhusu nakala ya kununua. Santuri ya albamu hii ina upande wa kwanza wa dakika 18 hivi na wa pili wa dakika 20 na nusu. Urefu huo si tatizo. Mchongaji anaweza kuupa sauti ya kutosha bila kubana. Tatizo ni mahali vipande vilipokaa. Santuri huzunguka kwa kasi ileile ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, lakini ukingoni sindano hupita sentimita 50 hivi za mfereji kwa sekunde, na karibu na lebo sentimita 20 hivi tu. Mawimbi ya sauti ya juu yanabanwa katika nafasi ndogo, na sindano butu hushindwa kuyafuata. Sasa Checkmate, kipande chenye makelele kuliko vyote na chenye krumhoni kali, kimekaa hapohapo ndani. Kwa hiyo ukikagua nakala iliyotumika usianzie mwanzo wa upande wa kwanza, ambao karibu daima ni mzuri. Weka sindano kwenye dakika mbili za mwisho za upande wa pili. Krumhoni ikisikika kama inatema mate au kukwaruza, ama mfereji umekwisha liwa na sindano mbovu ya mwenye nayo wa awali, ama sindano yako haijapangwa sawasawa. Jaribu kwanza kuongeza uzito wa sindano hadi kwenye kiwango cha juu kilichoruhusiwa na mtengenezaji; kwa katriji nyingi (kifaa kinachobeba sindano) kinaangukia kati ya gramu 1.5 na 2. Uzito mdogo mno huharibu santuri kuliko ulio wa kutosha, kwa sababu sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kuupiga kuta. Kama makwaruzo yamebaki baada ya kupanga sawasawa, mfereji ndio uliokufa, usiinunue.

Jaribio la pili ni mwanzo wa Lament. Hapo pana noti ndefu za rikoda juu ya gitaa tu, na mambo mawili yatajifichua. Moja ni mchakacho wa vumbi, ambao katika sehemu zenye ngoma hauonekani na hapa hauna pa kujificha. Kusafisha kwa maji yasiyo na madini na brashi laini huondoa mwingi wake. Ule unaorudi mahali palepale kila mzunguko ni mkwaruzo, hautoki. La pili ni kuyumba kwa noti. Rikoda ikipanda na kushuka taratibu kila baada ya sekunde 1.8, huo ni muda wa mzunguko mmoja kamili, maana yake tundu la katikati la santuri halikutobolewa katikati. Nakala nyingine ya toleo hilohilo inaweza isiwe na kasoro hiyo. Ikiyumba kwa kasi isiyolingana na mzunguko, kagua mkanda wa mashine yako kabla ya kuilaumu santuri.

Kwa wasikilizaji wa CD na wa faili, hatari ni nyingine: kupandishwa sauti. Kipimo chake ni rahisi. Rekebisha sauti hadi mwanzo wa Lament uwe wa starehe chumbani, kisha uache kipande kifike kwenye kilele chake cha katikati bila kugusa kitu. Kilele kinapaswa kukushtua kidogo. Kama sehemu ya kimya na ya kishindo zinakaribiana kwa nguvu, toleo hilo limebanwa, na limekunyang’anya kile hasa ambacho basuni ilikuja kukifanya. Programu ya kuchezea muziki nayo iangaliwe: nyingi zina mpangilio wa kusawazisha sauti kipande kwa kipande, unaoipandisha Lament ifike ngazi ya jirani zake. Uzime, au uchague kusawazisha kwa albamu nzima. Faili zilizokandamizwa sana, za kilobiti 128 kwa sekunde, hufanya ule mvumo wa krumhoni uwe kama mchanga, kwa kuwa ala hii ina sauti nyingi za juu zinazopangana, na ndizo za kwanza kutupwa. Toleo lisilopoteza data linafaa zaidi hapa kuliko kwa albamu nyingi za gitaa.

Usiongeze besi. Noti ya chini kabisa ya basuni iko karibu na Hz 58, eneo lilelile la gitaa la besi, na ukilivimbisha eneo hilo basuni inapoteza mlio wa matete yake na kuwa mngurumo tu. Wenye hedifoni wachague zilizo wazi kwa nyuma wakiwa nazo.

Na mpangilio wa kusikiliza kwa anayekuja mara ya kwanza: anza na Lament peke yake, rudi kwa Second Spasm, ndipo upige albamu nzima kwa mpangilio wake bila kuruka. Ukifika kwenye Opening Move ukiwa umeshazijua ala, viungo vyake vilivyolegea havitakusumbua sana.

Baada ya hapo, nenda nyuma kabla ya kwenda mbele. Upande wa kwanza wa Midnight Mushrumps ndio ndugu wa karibu zaidi, wenye mbao nyingi na umeme mchache. Raindance ya 1975 imerudisha uimbaji na vipande vifupi, na haina umoja huu. Treason, iliyotoka 1977 kupitia kampuni ya Harvest, ni kundi lililokwisha kuwa kitu kingine, la nyimbo zaidi, na baada yake walitawanyika. Harvey aliingia kwenye muziki wa filamu na televisheni. Taylor akarudi kwenye muziki wa kiasili wenye gitaa, akipiga na kundi la Home Service. Walikutana tena jukwaani Queen Elizabeth Hall mwaka 2009, na albamu mpya, ReInvention, ikatoka 2018. Wanaoipenda basuni ya Lament waanze na Midnight Mushrumps, waiache Treason iwe ya mwisho.